Zamu ya Maji Upare na Kompyuta Zisizo na Mkuu

(Maelezo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia, na kwa wale walioyasikia wakataka kuyasoma kwa utulivu.)

Ndugu msomaji, sisi Watanzania tumezoea kwamba kila jambo lina mwenyekiti. Harusi ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Msiba una mwenyekiti. Watu watano wakikutana chini ya mwembe kuzungumzia choo cha shule, jambo la kwanza ni kumchagua wa kuongoza kikao. Mazoea hayo si mabaya. Lakini yametufanya tuamini kwamba pasipo na mkubwa hapana mpango, na kwamba kazi isiyo na mtu wa kutoa amri ni vurugu tu.

Wiki hii napenda tuzungumzie kazi kubwa zinazokwenda bila mtu mmoja wa kuziamuru. Tutaanzia wilaya ya Same, tuzunguke mpaka Amerika, Ulaya na Indonesia, kisha turudi Same tujiulize swali ambalo halijapata jibu.

Anayesafiri kwa basi kutoka Korogwe kwenda Moshi hupita Hedaru, Makanya na Same, na mkono wake wa kulia anaiona milima ya Upare Kusini. Huko juu kuna misitu, ukungu na baridi, na kilele kirefu kuliko vyote, Shengena, kina urefu wa mita 2,462. Huku chini barabarani ni vumbi, miiba na mkonge. Mvua za bondeni ni za misimu miwili, vuli na masika, na mara nyingi hazitoshi kukomaza mahindi. Mkulima wa huku akisema atategemea mvua peke yake, amekwisha kukubali njaa.

Wapare waliligundua hilo zamani sana, kabla Mjerumani hajafika. Dawa yao ni mifereji na ndiva. Mfereji kila mtu anaujua. Ndiva ni bwawa dogo linalochimbwa na kujengewa ukuta wa udongo na mawe kando ya mfereji, juu kidogo ya mashamba. Usiku, watu wamelala, maji ya mfereji yanaingia ndani ya ndiva. Asubuhi tundu la chini linazibuliwa na maji yote yanateremka kwa pamoja.

Mgeni huuliza: kwa nini wasiyaache maji yatiririke shambani usiku na mchana? Jibu linaonyesha akili ya waliobuni jambo hilo. Kijito cha kiangazi ni chembamba. Ukikiacha kitembee peke yake kwenye mfereji mrefu wa udongo, ardhi inakinywa chote njiani na shamba la mwisho halipati hata tone. Lakini ukikusanya kijito hicho usiku kucha na kukiachia kwa mkupuo mmoja, maji yanakwenda kwa nguvu na kufika mbali. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na ndiva ni kibaba cha maji.

Sasa tuangalie jinsi maji hayo yanavyogawanywa, maana hapo ndipo penye somo. Ndiva moja huwa na wakulima wengi. Wanapokezana kwa zamu, na ukame ukizidi wanaangaliana mashamba: mahindi ya nani yamenyauka zaidi, ya nani yanaweza kungoja. Asiyefika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kuondoa tope ndani ya ndiva, hutozwa faini au huikosa zamu yake. Hayo ni ndani ya ndiva moja. Lakini mto mmoja una mifereji mingi, ya watu wa juu na watu wa chini, na wa juu akitaka kumnyima wa chini, mlima uko upande wake.

Katika bonde la Vudee na Bangalala, watafiti waliofanya kazi huko miaka ya 2000 waliandika makubaliano mepesi kabisa. Wa juu wanamwagilia mchana. Usiku wanayaachia maji yashuke yakajaze ndiva za chini. Hakuna saa, hakuna daftari, hakuna askari. Jua likizama kila mtu analiona limezama, awe Vudee au Bangalala. Na kama maji hayakufika chini, mtu wa chini hahitaji kuandikiwa barua. Ndiva iliyo tupu asubuhi ni taarifa tosha, naye ataupandisha mlima kwa miguu yake kwenda kuuliza kulikoni.

Nakuomba, ndugu msomaji, uyashike mambo mawili hapo. La kwanza, kila mkulima anaangalia kilicho mbele ya macho yake tu: mfereji wake, zamu yake, jirani yake. Hakuna mwenye ramani ya bonde zima kichwani. La pili, habari haipiti mdomoni mwa mkubwa. Habari inapita ndani ya maji yenyewe, kwa kuwapo kwake au kwa kukosekana kwake.

Tukitoka hapo twende Marekani. Mwaka 1964 mhandisi mmoja aitwaye Paul Baran alichapisha mawazo yake kuhusu mtandao wa mawasiliano ambao usingekufa hata ukipigwa mabomu. Simu za wakati ule zilitegemea vituo vikubwa. Ukivunja kituo, mji mzima unakuwa bubu. Baran alipendekeza mtandao ulio kama wavu wa mvuvi. Ujumbe ukatwe vipande vidogo, na kila fundo la wavu lipokee kipande na kumsukumia jirani aliye karibu zaidi na mwisho wa safari. Fundo moja likikatika, vipande vinapita penginepo. Tarehe 29 Oktoba 1969 kompyuta mbili za California zilitumiana ujumbe wa kwanza kwenye mtandao uliofuata njia ya namna hiyo, nao ndio uliokuja kuzaa intaneti tunayoijua leo.

Mtandao ule ulikua kama kijiji kinavyokua: kila mwenye mashine alijiunga na kuanza kutuma. Mwaka 1986 maji yakawa haba. Mwezi Oktoba mawasiliano kati ya maabara moja ya Berkeley na chuo kikuu cha hapo hapo Berkeley, mahali panapotenganishwa na mita zisizofika 400, yalianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Fikiria barabara ya magari mia nane ambayo ghafla inapitisha gari moja. Na hakuna waya uliokatika, wala mashine iliyoharibika.

Ugonjwa ulikuwa huu. Kompyuta ikituma kipande na kisifike, ilidhani kimepotea, ikatuma kingine. Kisipofika tena, ikatuma tena. Njia ilikuwa imejaa, na kila mmoja, kwa kuona imejaa, akaongeza mzigo. Ni sawa na wakulima ambao wakiona maji yamepungua kila mmoja anapanua mdomo wa mfereji wake. Wote wanakauka pamoja.

Zipo dawa mbili za ugonjwa huo. Ya kwanza ni kumweka bwana mkubwa wa kugawa njia kwa kila kompyuta duniani. Hata kwa wakati ule hilo lilikuwa gumu. Leo, kwa mashine za mabilioni, haliwezekani. Ya pili ndiyo iliyochukuliwa. Mtafiti Van Jacobson pamoja na wenzake walitengeneza kanuni mpya, na mwaka 1988 akachapisha maelezo yake. Kanuni ilisema: kipande kisipofika, kichukulie kuwa ni ishara ya msongamano. Punguza utumaji wako mara moja, tena upunguze sana. Kisha ongeza kidogo kidogo, mpaka uone dalili nyingine ya kujaa, upunguze tena. Kila kompyuta ifanye hivyo yenyewe, kwa kuangalia vipande vyake tu.

Hiyo ndiyo adabu iliyoiokoa intaneti, na mpaka leo adabu ya aina hiyo inafanya kazi ndani ya simu uliyoishika mkononi. Haikutoka kwa mkubwa wa kugawa. Ilitoka kwenye kosa la kufika, kama ndiva tupu ya asubuhi.

Baadaye wanasayansi walianza kujiuliza kama viumbe vingine navyo vinafanya hivi. Jibu tunalo uani mwetu, maana nani asiyekijua kichuguu? Mchwa ni mdogo, haoni vizuri, wala hana mhandisi. Lakini anajenga nyumba yenye vyumba na njia za hewa inayomzidi mtu kimo. Mfaransa Pierre-Paul Grassé, aliyechunguza mchwa kwa miaka mingi, alieleza mwaka 1959 kwamba mchwa hapokei amri kutoka kwa mchwa mwenzake, wala malkia hatoi maelekezo ya ujenzi. Anaweka donge la udongo lenye harufu. Harufu ile inamvuta mwingine aweke donge lake hapo hapo. Kazi iliyokwisha kufanyika ndiyo inayomwambia anayefuata afanye nini. Grassé aliunda neno la jambo hilo kwa kuunganisha maneno mawili ya Kiyunani, moja la alama na jingine la kazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 kundi la watafiti wa Brussels, akiwamo Jean-Louis Deneubourg, liliwatengenezea sisimizi madaraja mawili kati ya kiota na chakula, moja fupi na jingine refu. Mwanzoni sisimizi waligawanyika tu, huku na huku. Lakini waliopita daraja fupi waliwahi kurudi, na kila sisimizi anapopita huacha harufu. Basi harufu ya njia fupi ikawahi kukolea, ikavuta wengine, nao wakaikoleza zaidi. Baada ya muda kidogo karibu wote wakawa wanapita njia fupi. Hakuna sisimizi aliyepima madaraja yale. Njia ilichaguliwa na kundi zima bila mmoja wao kujua kwamba kuna jambo linachaguliwa.

Mwitaliano Marco Dorigo alilichukua jambo hilo akalitia kwenye kompyuta. Katika tasnifu yake ya mwaka 1992 huko Milano alionyesha jinsi sisimizi wa kubuni, ambao ni hesabu tu, wanavyoweza kutafuta njia nzuri katika matatizo magumu, kama lile la mchuuzi anayetaka kuzuru miji mingi kwa mwendo mfupi kuliko wote. Mwaka 1998 yeye na Gianni Di Caro walieleza mpango ambao programu ndogo zinatembea ndani ya mtandao kama sisimizi, zinapima muda wa safari, na kuacha alama kwenye kila kituo ili vipande vya ujumbe vifuate. Tuseme ukweli: intaneti ya kila siku haiendeshwi na sisimizi hao. Kwenye intaneti kila mtandao humweleza jirani yake njia unazozijua, naye huzipeleka kwa jirani wa pili. Lakini msingi wake ni ule ule, wa jirani kumsikiliza jirani.

Pengine msomaji ataniambia: mchwa na kompyuta havina choyo, binadamu anacho. Ni kweli. Kwa hiyo tuwatazame binadamu.

Katika kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, wakulima wa mpunga wamegawanyika katika vyama vya maji viitwavyo subak, na vyama hivyo hupangiana misimu ya kupanda kupitia mahekalu yao ya maji. Miaka ya 1970 serikali, ikitaka mavuno zaidi, iliwahimiza watumie mbegu mpya na kupanda mara nyingi kadiri wawezavyo, bila kujali kalenda ya mahekalu. Wataalamu waliuona utaratibu wa zamani kuwa ni mambo ya dini tu. Matokeo yakawa uhaba wa maji na wadudu waharibifu waliohama kutoka shamba moja hadi jingine bila kupumzika, kwa sababu daima kulikuwa na mpunga mbichi mahali fulani.

Mwanaanthropolojia Stephen Lansing na mwenzake James Kremer walitengeneza mfano wa mito miwili ya Bali ndani ya kompyuta, wenye subak 172, na mwaka 1993 wakachapisha waliyoyaona. Hawakuweka hekalu lolote wala mkuu yeyote. Waliweka sharti moja: kila mwisho wa mwaka, kila subak imwangalie jirani yake wa karibu, na kama jirani amevuna zaidi, iige kalenda yake. Baada ya miaka michache ya ndani ya kompyuta, subak zilijipanga zenyewe katika makundi yanayopanda pamoja na kupumzisha mashamba pamoja, kwa mpangilio unaofanana na ule wa mahekalu. Mavuno yakapanda kwa wote.

Kwa nini wa juu alikubali kumpa maji wa chini? Kwa sababu wadudu wa shamba la chini wanapanda kuja juu. Wa juu anahitaji mashamba ya chini yapumzike wakati mmoja na yake, na hilo haliwezi kuwa kama wa chini hana maji ya kupanda naye kwa wakati mmoja. Wa chini ana njaa ya maji, wa juu ana hofu ya wadudu, na mahitaji hayo mawili yanashikana mikono.

Sasa turudi Same, maana Wapare waliwahi kuonyesha kujipanga kwao mahali pengine pasipohusu maji, tena mbele ya serikali ya Mwingereza.

Mapema katika miaka ya 1940 utawala wa wilaya ya Upare ulileta kodi mpya juu ya ile ya kichwa. Iliitwa mbiru. Kodi ya kichwa ilikuwa sawa kwa kila mtu. Mbiru ilikuwa ya kukadiria mali ya mtu mmoja mmoja. Kwenye karatasi lilionekana jambo la haki, mwenye nacho alipe zaidi. Shambani ikawa vingine. Watu hawakuelewa jirani amekadiriwa vipi, nani amehesabu, na kwa kipimo gani. Malalamiko yakajaa milima yote.

Mwezi Januari 1945 watu kwa maelfu walishuka kutoka sehemu mbalimbali za Upare wakaja Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Hawakuchoma nyumba. Walikaa tu wakisema hawataki mbiru, na wakaendelea hivyo kwa miezi. Paulo Mashambo anatajwa sana miongoni mwa viongozi wao. Mwaka 1946 huko Usangi, ambako leo ni wilaya ya Mwanga, wanawake kwa mamia nao waliandamana, wakidai waume zao warudi na jambo limalizwe. Kabla miaka ya 1940 haijaisha serikali iliiacha kodi hiyo. Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwana wa Upare mwenyewe, aliandika kitabu kizima juu ya Mbiru kilichotoka mwaka 1971.

Tujiulize: maelfu ya watu wanakaa mjini miezi mingi, na Same ya wakati ule ilikuwa mji mdogo. Hapana budi chakula kilishuka kutoka milimani, na huko milimani palikuwa na wa kulima na wa kulinda watoto. Viongozi walikuwapo, lakini kiongozi hawezi kupika vyungu elfu. Maoni yangu ni kwamba watu waliolelewa kwenye zamu za maji na msaragambo hawakuhitaji kufundishwa kupokezana. Na tena naona kwamba kilichowaudhi katika mbiru hakikuwa fedha peke yake. Maji ya ndiva kila mtu anayaona: yamejaa, yamepungua, zamu ni ya nani. Makadirio ya mbiru yalikuwa yamefichwa kichwani mwa mkadiriaji. Utaratibu wa watu wengi hauwezi kudumu kama alama zake hazionekani na wote.

Ndugu msomaji, kama ningeishia hapa ningekuwa nimesifu tu, na mazungumzo haya si ya kusifu. Kujipanga kwa namna hii kuna udhaifu wake, na udhaifu huo ndio unaoisumbua Same leo.

Udhaifu wa kwanza ni wa sisimizi wale wa Brussels. Katika jaribio jingine watafiti waliwapa daraja refu peke yake kwanza. Baada ya nusu saa wakaongeza daraja fupi. Sisimizi wengi waliendelea na daraja refu! Harufu ya zamani ilikuwa imekolea mno, na njia bora ikakosa wa kuijaribu. Dorigo aliliona tatizo hilo, na kwa sisimizi wake wa hesabu akaweka kanuni kwamba harufu ifutike kidogo kidogo kadiri muda unavyopita. Alama isiyothibitishwa upya ipotee.

Makubaliano ya maji ya Upare yaliwekwa watu wakiwa wachache. Leo huko juu mashamba yameongezeka, mboga zinalimwa kwa ajili ya soko, mipira ya plastiki inavuta maji hata usiku. Anayesema mila ifuatwe kama ilivyokuwa anawataka watu wapite daraja refu. Na anayesema mila itupwe yote anawanyang'anya sisimizi harufu wakiwa katikati ya safari. Kinachotakiwa ni makubaliano ya kufanywa upya kila baada ya misimu kadhaa, pande zote zikiwapo.

Udhaifu wa pili ni umbali. Ndani ya ndiva moja watu wanajuana kwa majina. Kati ya Vudee na Bangalala wameoana, wanazikana, na wengine wa mlimani wana mashamba bondeni. Lakini ukishuka mpaka Makanya, ambako wakulima hungoja mafuriko ya mto yaingie mashambani, kamba ya ujirani imekuwa nyembamba. Mtu wa Makanya akikosa maji hajui ni mfereji upi wa juu umeyachukua, na mtu wa juu haoni mahindi ya Makanya yakinyauka. Bali wadudu ndio waliowaunganisha wa juu na wa chini. Hapa mahindi ya chini yakifa, wa juu hapati dalili yoyote. Pale ambapo alama haifiki, hakuna kujipanga, na mwenye mlima ndiye mwenye haki.

Udhaifu wa tatu ni kwamba utaratibu wowote, uwe na mkuu au usiwe na mkuu, hauumbi kitu kisichokuwapo. Mwezi Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Adabu ya Van Jacobson ilifanya kazi yake na wavu wa Baran ulitafuta njia nyingine. Lakini njia za pembeni zilikuwa chache, na zilizokuwapo zikajaa. Vivyo hivyo, msitu wa Chome ukiisha juu na vijito vikikauka, zamu itabaki zamu ya kugawana ndiva tupu.

Je, serikali ifanye nini? Sheria ya mwaka 1974 ilikwisha kusema maji yote ni ya umma, na tangu mwaka 1991 bonde la Pangani lina ofisi yake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 iliweka nafasi ya vyama vya watumia maji, na ikatambua haki za kimila. Sheria si mbaya. Hofu yangu ni utekelezaji wa kumpa kila mwenye mfereji kibali cha lita kadhaa kwa sekunde. Kibali kinaandikwa mara moja, na mto hubadilika kila juma. Mwezi wa kiangazi jumla ya vibali inaweza kuyazidi maji yenyewe, na hapo kila mmoja atanyanyua karatasi yake kama kompyuta za mwaka 1986 zilivyonyanyua vipande vyao.

Kazi ya serikali, kwa maoni yangu, si kuzibua tundu la kila ndiva asubuhi. Hilo wenyewe wanalijua kuliko ofisa yeyote. Kazi yake ni kuwaunganisha wasioonana. Kipimo cha maji Makanya kisomeke Vudee siku hiyo hiyo. Simu za mkononi zimekwisha kufika huko, na ujumbe mfupi wa maandishi ni bei ndogo. Wawakilishi wa juu, kati na chini wakae meza moja kabla ya vuli na kabla ya masika, wakubaliane upya. Msitu ulindwe na wote wanaokunywa kutoka kwake. Na kabla ya kuujengea kijiji banio la saruji lisilovuja, mhandisi aulize kwanza kwa nini wazee waliliacha la mawe na matawi livuje. Maji yaliyovuja pale yalikuwa ya mtu wa chini.

Wataalamu wa kompyuta wametumia miaka mingi na fedha nyingi kujifunza kwa mchwa na sisimizi jinsi ya kuongoza kazi ya wengi bila mkubwa mmoja. Sisi tuna mabingwa wa elimu hiyo walio hai, wanavaa makoti mazito huko Vudee na kandambili huko Bangalala. Wengi wao wamezeeka. Vijana wao wako Dar es Salaam, Arusha na Moshi, na pengine wewe unayesoma gazeti hili ni mmoja wao. Ukienda likizo Desemba hii, kabla hujauliza habari za ng'ombe na mipaka ya kiwanja, muulize mzee zamu ya maji inakwendaje siku hizi, na nani amekosa.

Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaaliwa.